Faraja Iliyo Ndani ya Dhiki

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba baada ya dhiki faraja, na sidhani kuwa yupo mtu mzima katika nchi zetu ambaye hajapata kuambiwa maneno hayo, ama alipokuwa hoi kitandani, ama alipofiwa, ama shamba lake lilipoliwa na viwavi akabaki akiitazama mikono yake mitupu. Ni methali njema, na maisha ya wengi yamekuwa shahidi wa ukweli wake. Ila utaratibu wake huitenga faraja na dhiki, ukaiweka moja mbele na nyingine nyuma, hata mtu akadhani kwamba maadamu dhiki ipo faraja haiwezi kuwapo, na kwamba wajibu wake ni kuvumilia tu mpaka zamu ibadilike. Mimi nataka kusema habari ya faraja ya namna nyingine, ambayo haingojei dhiki iondoke ndipo iingie, bali huketi nayo katika chumba kimoja. Na nataka kuisema kwa upande wa Mkristo, kwa kuwa dini yake imemwagiza kushukuru nyakati zote, na agizo hilo, likichukuliwa kwa pupa, limekwisha kuwafanya watu wengi wema waseme mambo ambayo hawayaamini.

Sizungumzi juu ya misiba mikubwa. Misiba mikubwa ina heshima yake na kawaida zake. Mtu akifiwa, majirani hutandika mikeka uani, wanawake huja na sufuria na unga, wanaume hukaa chini ya turubai mpaka usiku wa manane, mchungaji au padri huja na neno, na kwaya huja na wimbo. Na hata aliyefikwa akikosa nguvu ya kusali, wapo wa kumsalia. Lakini mashaka madogo hayana matanga. Bomba limekauka tangu juzi, na foleni ya ndoo kisimani imekwisha kuzunguka kona. Umeme umekatika kabla shati la kazini halijapigwa pasi. Mahindi yaliyoanikwa yamelowa kwa mvua ambayo haikuwa na dalili. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango uliosalia. Daladala imezimika njiani na kondakta amekataa kurudisha nauli. Jino linauma, nalo huuma zaidi usiku. Hapana anayekuja kukupa pole kwa haya, na ukiyataja utahesabiwa kuwa mtu wa kunung'unika. Basi mtu huyakabili peke yake, siku baada ya siku, na kwa kadiri nilivyoona, imani za watu wengi hazivunjwi na pigo moja la msiba mkubwa, bali huliwa polepole na vijambo hivi, mpaka yule aliyesimama imara kaburini kwa mama yake anajikuta akimnung'unikia Muumba wake kwa sababu ya kiberiti kilicholowa.

Mtu wa namna hii hufarijiwa makanisani kwa njia mbili, na zote mbili naziona mbovu, ingawa wanaozitumia aghalabu huwa na nia safi. Ya kwanza ni kumwambia kwamba wapo walio katika hali mbaya kuliko yake: wewe umekosa nauli, fulani amekosa miguu, basi shukuru. Ni kweli kwamba wapo, lakini shukrani inayosimama juu ya mgongo wa mwenzako aliye chini yako ni ile ile aliyoitoa Farisayo hekaluni, alipomtazama mtoza ushuru kwa pembe ya jicho akamshukuru Mungu kuwa yeye si kama huyo, na tunajua Injili ilivyomhukumu. Tena faraja hiyo humtaka mtu asiye na miguu atafute mwingine asiye na macho, na huyo naye amtafute wa chini zaidi, hata tufike kwa mtu wa mwisho kabisa ambaye hana wa kumtazama, na kwake dini yetu iwe haina neno.

Njia ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inafanana sana na imani. Nayo ni kumwambia mtu kwamba shida yake ilikuwa mpango, na kwamba ukichunguza utaiona faida iliyofichwa ndani yake. Umechelewa gari, na gari lile likapinduka. Kumbe Mungu alikuchelewesha makusudi. Ushuhuda wa jinsi hii husikika kila panapotokea ajali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa ziwani. Na mtu aliyekuwa amekusudia kusafiri nayo akazuiwa na jambo lolote, hata liwe homa ya mtoto au deni lisilolipwa, angekuwa na moyo wa jiwe kama asingepiga magoti. Apige magoti, tena alie. Lakini akisimama mbele ya ushirika akasema kwamba Mungu alimzuia yeye ili asife, basi na amtazame mjane aliyeketi benchi la tatu, ambaye mumewe hakuzuiwa na kitu, aliyefika gatini mapema na tikiti yake mkononi, na amwambie huyo Mungu alikuwa wapi asubuhi ile. Bwana Yesu mwenyewe aliletewa hesabu za namna hii. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka ukaua watu 18, na yeye mwenyewe akawauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Naye alikataa kabisa kuwatafutia daraja lao katika orodha ya dhambi, akawaelekeza waliomsikiliza kwenye toba yao wenyewe. Aliyekataa kuusoma mnara ulioanguka kuwa ni hukumu juu ya waliokufa, sioni kwa haki gani sisi tungemtaka ausome kuwa ni upendeleo kwa waliopita salama.

Je, tukizikataa njia hizi mbili, inasalia nini? Kitabu cha Matendo ya Mitume kina habari moja ambayo naiona inafaa kusomwa polepole kuliko inavyosomwa kwa kawaida. Merikebu iliyompeleka Paulo Rumi, akiwa mfungwa, ilichukuliwa na tufani hata usiku wa kumi na nne, ikavunjika ufukoni mwa kisiwa cha Melita, ambacho leo huitwa Malta. Roho 276 zilifika pwani, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao, na hapana hata mmoja aliyepotea. Hayo ni makubwa, nayo huhubiriwa. Kinachonivuta mimi ni kinachofuata: kwamba walipofika nchi kavu mvua ilikuwa ikinyesha na kulikuwa na baridi, na wenyeji wa kisiwa, watu ambao hawakuwa wamesikia habari za Kristo wala hawakujua hawa ni akina nani, wakawawashia moto. Luka, asimuliaye kama mtu aliyekuwamo, anauita ule wema usio wa kawaida. Hasemi kwamba merikebu ilivunjika ili wapate kuota moto. Hasemi kwamba moto ule ulilipa hasara ya shehena ya ngano iliyotupwa baharini. Anasema tu kwamba mvua ilinyesha, na baridi ilikuwapo, na moto ukawashwa.

Kisha Paulo, ambaye nadhani alikuwa na haki ya kuketi tu akaota kama wengine, akaenda kukusanya kuni. Na katika mzigo wa kuni alizokusanya kwa mikono yake mwenyewe akatoka nyoka, aliyefukuzwa na joto, akamzonga mkononi. Tazama jinsi mambo yalivyofungamana: moto ule ule uliomtoa Mtume baridi ndio uliomtoa nyoka katika kuni. Mfano kama huu kila mmoja wetu anaujua nyumbani kwake, kwani jirani aliyekukopesha fedha za dawa ndiye atakayeyatangaza madeni yako kisimani, na mvua iliyookoa maharage ndiyo iliyobomoa ukuta wa choo. Wenyeji walipoona nyoka akining'inia mkononi mwa Paulo walisema mara moja kwamba huyu hakika ni mwuaji, ameokoka baharini lakini haki imemfuata. Na walipongoja kwa muda mrefu wasione akivimba wala akianguka, waligeuza maneno wakasema ni mungu. Watu hawa waliokuwa wema kupita kiasi katika kuwasha moto walikosea mara mbili katika kulifasiri jambo la nyoka, kwanza kwa kuiona adhabu na baadaye kwa kuiona enzi, kwa sababu hawakuweza kustahimili kuona jambo likitokea bila kumpa aliyepatwa nalo cheo kinacholingana nalo. Paulo hakuwajibu. Alimkung'utia nyoka motoni, na yumkini akaendelea kuota, maana mvua ilikuwa haijaanuka.

Naona katika mwenendo ule wa Paulo adabu yote ya jambo ninalolisema. Neema ndogo haina budi kuachwa iwe ndogo. Moto ni moto. Ukiufanya kuwa uthibitisho wa kwamba Mungu yu upande wako, utalazimika kumfanya nyoka kuwa uthibitisho wa kwamba amekuacha, na maisha ya mtu anayepima hivyo huwa kama chombo kisicho na nahodha, leo kimepanda juu ya wimbi na kesho kimetumbukia kati ya mawimbi mawili. Kumshukuru Mungu kwa ajili ya moto hakumlazimishi mtu kuidai merikebu kuwa ilivunjika kwa heri.

Mwafrika mmoja wa kale aliyaelewa haya vizuri, ingawa hatumkumbuki sana kwa upande huo. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao uko katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno katika mji wa Milano huko Italia. Majira ya joto ya mwaka 386 kifua chake kilianza kumsumbua; pumzi zikawa nzito, na sauti, ambayo ndiyo iliyokuwa jembe lake la kulimia, ikawa haiwezi tena kustahimili kazi ya kufundisha. Katika kitabu chake cha maungamo anaeleza kwamba hapo kwanza jambo hilo lilimtia wasiwasi, kwa kuwa lilikuwa likimsukuma kuiacha kazi karibu kwa nguvu. Lakini alipokuwa amekwisha kuazimu moyoni kuiacha kazi hiyo apate kumtafuta Mungu, alianza kufurahi kwamba anao udhuru wa kweli wa kuwapa wazazi wa wanafunzi, ambao kwa ajili ya masomo ya watoto wao wasingependa kumwachilia. Uaminifu wa maneno yake hapa ni wa ajabu. Hasemi kwamba Mungu alimwumiza kifua ili ampe udhuru. Anakiri kwamba udhuru ule ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa ndio sababu yake ya kuondoka. Tena anaungama kwamba huenda alitenda dhambi kwa kuendelea kukikalia kiti kile cha uongo hata siku chache zilizosalia kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu. Mtu mwepesi wa ushuhuda angeyafunga haya yote katika sentensi moja ya ushindi. Yeye aliacha kila kitu na ukubwa wake.

Baada ya hapo alikwenda shambani kwa rafiki, mahali palipoitwa Cassiciacum, na huko akashikwa na jino. Liliuma kiasi cha kumfunga kinywa. Ikamjia moyoni kuwaomba rafiki zake waliokuwapo wamsalie, na kwa kuwa hakuweza kunena, aliandika ombi hilo juu ya kibao cha nta akawapa walisome. Nao walipopiga magoti tu, maumivu yakamtoka. Mtu aliyeandika juu ya wakati na umilele, na juu ya asili ya uovu, kwa kina ambacho wanafalsafa wa baada yake hawajamaliza kukipima, hakuona haya kuandika juu ya jino, wala hakulikuza likawa zaidi ya jino. Sisemi kwamba kila atakayeandika juu ya kibao chake atapona. Meno ya wengi walioomba kwa moyo ule ule yameishia katika koleo la daktari. Lakini angalia alichofanya kabla hajajua kama atapona: alilipeleka jino lake kwa watu. Mashaka madogo, ambayo nimesema kwamba hayana matanga, siku ile yalipata matanga yake, na magoti ya rafiki zake yalikuwa neema iliyokwisha kufika hata kama uchungu ungalibaki pale pale mpaka asubuhi.

Neema za namna hii zina tabia moja ambayo huwaudhi watu wenye busara ya akiba, nayo ni kwamba haziwekeki. Waisraeli jangwani walipewa mana kwa kipimo cha pishi moja kwa kila kichwa, na aliyeiweka hata asubuhi aliikuta imeingia mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya kuamkia sabato. Nimewajua watu, nao ni waaminifu kweli, ambao wangali wakila wema waliotendewa miaka mingi iliyopita, wakiusimulia kwa maneno yale yale katika kila ibada ya ushuhuda, ilhali asubuhi hiyo hiyo kijana wa jirani amewabebea ndoo bila kuombwa na hawakumwona. Shukrani yao imepata mabuu. Sala aliyotufundisha Bwana huomba chakula cha siku moja, na kwa hakika ni ombi dogo mno kutolewa na kiumbe mwenye hofu ya mwaka ujao. Lakini ndilo tuliloagizwa.

Pwani yetu hii inayo mifano yake, na mmoja wao huwa nasikitika kuusikia ukisimuliwa vibaya. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mja mzito. Mwezi wa Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na shekhe mmoja Mwislamu aliyekubali kuketi naye. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa, na mtoto akafuata baada ya siku chache. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, naye Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa asiyejiweza. Miaka miwili baadaye alifikiwa na mwenziwe Johannes Rebmann, wakaenda kuanzisha kituo cha Rabai wakiwa wote wawili wanatetemeka kwa homa. Mwaka 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji iliyo juu yake, akaandika alichokiona, na bwana mmoja wa elimu ya nchi aliyeketi London, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika ya Mashariki, akamkanusha hadharani. Miaka ikapita na kanisa likawa halina mtu. Mwaka 1851 alibatizwa wa kwanza, naye alikuwa kiwete mmoja aliyeitwa Mringe, aliyekuwa amekaribia kufa.

Wahubiri wa siku hizi hupenda kusema kwamba kaburi la Rosine lilikuwa mbegu, na kwamba tukiyahesabu makanisa yaliyopo leo kutoka Mombasa hata Maziwa Makuu tutaona Mungu alivyokuwa akitenda. Mimi siipendi hesabu hiyo. Makanisa yale yalikuja kwa njia nyingi, na kazi kubwa ilifanywa na wenyeji, wakiwamo watumwa waliokombolewa, ambao majina yao hayatajwi katika hotuba hizo. Na kumgeuza mama wa watu na mtoto wake mchanga kuwa bei ya kitu kingine si heshima kwao wala kwa Mungu. Nikitafuta neema katika miaka ile ya Rabai, naiona mahali padogo zaidi. Naiona kwa shekhe yule, ambaye hakuwa na sababu ya dini ya kumsaidia mmisionari, bali alikaa naye akampa maneno, moja baada ya jingine. Naiona katika maneno yenyewe, ambayo Krapf aliyaandika siku za homa na siku za nafuu, hata kamusi yake ikapigwa chapa mwaka 1882, ambapo mwenyewe alikuwa ameiaga dunia mwaka uliotangulia. Na naiona kwa Mringe, ambaye naona ni dhuluma kumwita tunda dogo la kazi kubwa, kama kwamba viwete wanaokufa ni nusu ya watu. Alikuwa mtu mzima mmoja aliyesikia jambo akalikubali. Rebmann alikaa Afrika hata mwaka 1875, akarejea kwao macho yake yakiwa yameharibika karibu kabisa, na simwoni kama mtu aliyekuwa akingoja miaka 29 malipo yafike.

Unguja nako, katika kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, wageni huoneshwa nguzo za marumaru zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza wakati Askofu Edward Steere, msimamizi wa ujenzi, alipokuwa safarini. Steere aliziacha hivyo hivyo. Huyu ndiye aliyelijenga paa zima kwa matumbawe na saruji, huku wengi wakitabiri kwamba litaanguka, na alikuwa pia katika kazi ya kulitafsiri Agano Jipya. Nadhani mtu mwenye kazi za namna hiyo hujifunza upesi ni kosa gani la kubomolewa na ni kosa gani la kuachwa lisimame. Nguzo zinabeba mzigo wake, na kanisa linasaliwa.

Lakini yapasa niseme pia habari ya siku ambayo mtu hatazami wala haoni kitu. Ipo, na Mkristo akiikana anawaongezea mzigo walio ndani yake. Eliya alipolala chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumwambia ahesabu baraka zake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale, na maneno yakaja baadaye sana, mlimani. Na katika Zaburi imo moja, ya 88, ambayo tofauti na nyingi za maombolezo haigeuki mwishoni kuwa sifa. Huanza gizani na huishia gizani, na rafiki wote wamekwenda mbali. Kanisa la Anglikana katika kitabu chake cha sala cha zamani liliipanga isomwe jioni ya Ijumaa Kuu, na naona hekima kubwa katika mpango huo, kwa kuwa unampa mtu aliyenyamazishwa na dhiki mahali pa kusimama miongoni mwa wanaosali bila kulazimishwa kutabasamu. Asiyeweza kushukuru leo asishukuru leo. Wenzake watoe shukrani, na wasimwulize.

Namna watu wa kawaida wanavyozitoa shukrani zao huwa inanifundisha zaidi kuliko vitabu. Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, ibada ikiisha, watu hutoka nje wakakusanyika mlangoni, na vile vilivyoletwa madhabahuni badala ya fedha hunadiwa: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, chupa ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu, pengine yai moja. Aliyelileta yai husikika wakati mwingine akisema sababu, na sababu huwa ndogo kama yai lenyewe: mtoto ameacha kukohoa, nimefika salama, nashukuru kwa uhai tu. Mzee wa kanisa huliinua yai juu, na bei huanza kupanda, na anayelinunua hulirudisha linadiwe tena, na wa pili vivyo hivyo, mpaka yai lipite bei ya kuku aliyelitaga, huku watu wakicheka na watoto wakikimbizana na jogoo aliyefunguka kamba. Na mwisho wake mnunuzi hulitoa apewe bibi kizee fulani. Wapo wanaoona kwamba mnada huu unapoteza muda, hasa jua linapokuwa kali, na wangependa kila mtu atie fedha katika bahasha yake ili mtunza hazina afunge hesabu mapema arudi nyumbani. Kwa upande wa hesabu wana haki, na sina la kubishana nao, maana bahasha haivunjiki njiani wala haihitaji kulishwa. Lakini bahasha haitamwambia mtu aliyesimama nyuma, mwenye jino lake linalouma na ada asiyoijua itatoka wapi, kwamba mama yule wa mtaa wa pili, ambaye kila mtu anajua kuwa nyumba yake inavuja, wiki hii ana kuku anayetaga.